Alikuja ukweni na kiboksi cha nzi!

Hivi umeshawahi kumpeleka mchumba nyumbani, Mzee akamtazama mara moja tu halafu akarudi kwenye gazeti lake? Kama halijakukuta, shukuru Mungu. Mimi mhariri wako, ninayekaa hapa kila mwezi kuwapa watu ushauri wa mapenzi, lilinikuta sebuleni kwetu Nyakato, mchana kweupe, mama yangu akiwepo na soda zimeshafunguliwa.

Mchumba wangu ni Mkenya, mtu wa Nyeri. Ni mpole, ana kazi yake na ananipenda. Lakini siku ile ya kwanza aliingia, akanyoosha mkono na kusema kwa furaha zote, "Sasa, Mzee? Habari yako?"

Jamani! Sebule nzima ilipoa. Sisi huku mtu mzima hasalimiwi "sasa". Anaamkiwa shikamoo, basi. Kwao Nyeri shikamoo ni neno la kitabuni, wengi hawalitumii kabisa, na mimi na shahada yangu ya mawasiliano nilisahau kumwambia. Baba hakugomba. Alipokea mkono, akauliza habari za safari, kisha akafungua gazeti. Kwa anayemjua baba yangu, hapo mlango umefungwa na komeo limewekwa.

Barua ya posa alisema "tuipumzishe kwanza". Mwezi ukapita, ukaja wa pili, ukaja wa tatu. Mimi nina miaka 34. Baba ana 71 na presha inayompandia bila taarifa. Sikuwa na muda wa kupumzisha kitu chochote.

Safari ya pili mwenzangu alijipanga. Shikamoo aliitoa kwa sauti kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Alileta blanketi, majani ya chai ya kwao na saa ya mkononi ya bei mbaya. Baba alisema "ahsante sana, baba", akaiweka saa kabatini, na mpaka leo haijawahi kutoka humo.

Aliyetuokoa ni mama. Siku moja tukiwa tunachambua mchele akaniuliza, "Mwanangu, huyo kijana wako si ulisema ni mvuvi huko kwao? Na baba yako Jumamosi hulala wapi kama si ziwani? Sasa sebuleni mnatafuta nini?"

Sikuwa na jibu.

Kiboksi chenyewe

Ni kweli, wote wawili ni watu wa samaki. Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Tangu astaafu, kila Jumamosi anabeba mshipi wake na kopo la nyungunyungu, anakwenda kukaa kwenye miamba ya Igombe. Mwenzangu amekulia karibu na mto Gura, unaoshuka kwa kasi kutoka milima ya Aberdare. Mjomba wake alikuwa akiongoza wageni wanaokuja kuvua trauti, yule samaki wa maji baridi mwenye madoadoa.

Trauti si mwenyeji wa Kenya. Mayai yake yaliletwa mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Scotland, kwa juhudi za walowezi kama Ewart Grogan waliotaka kuvua kama walivyozoea kwao. Gura ni miongoni mwa mito ya kwanza kupandwa samaki hao. Walistawi kwa sababu maji ya mlimani ni ya baridi. Maji yakizidi nyuzi 20 hivi, trauti anaanza kuteseka. Ziwa letu juu hapa huwa na nyuzi 24 hadi 27, kwa hiyo usimtafute Igombe, hayupo.

Na kule trauti havuliwi kwa nyungunyungu. Anavuliwa kwa nzi. Siyo nzi wa jikoni! Ni ndoano ndogo iliyofungwa uzi, manyoya ya jogoo, manyoya ya tausi au ya sungura, mpaka ifanane na mdudu. Kazi hiyo ni ya zamani sana. Miaka kama 1,800 iliyopita mwandishi wa Roma aitwaye Aelian aliwaandika watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoano. Leo Kenya ni moja ya nchi zinazofunga nzi hawa kwa mikono na kuwauza Ulaya na Marekani. Mwenzangu mwenyewe alipokuwa chuoni Nairobi alijilipia matumizi kwa kazi hiyo, akikaa mezani na akina mama ambao mikono yao, anasema, ilikwenda haraka kuliko macho yake.

Ana kiboksi cha bati chenye nzi kama 80. Nilipomwambia tunakwenda kuvua na baba, alikesha akipanga wale wazuri kabisa mbele. Mmoja anaitwa Coachman, ana mabawa meupe na tumbo la manyoya ya tausi linalometameta. Mimi nikasema hapo hapo, "Huyo! Huyo atamfurahisha Mzee."

Akacheka. "Kwani Mzee ndiye anakula?"

Igombe, saa 12 asubuhi

Tuliondoka Nyakato bado giza. Baba alikaa mbele, hakusema kitu mpaka tulipofika. Jambo la kwanza alitupeleka kwa watu wa BMU, wale wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi pale mwaloni, tukaeleza tunakwenda kuvua nini na kwa zana gani. "Hapa mtu haingii ziwani kama anaingia chooni," alisema. Mwenzangu akaitikia kwamba hata kwao bila leseni huvui trauti. Baba akageuza shingo kidogo. Kidogo tu.

Kwenye miamba, Baba akafungua kopo lake na kutoa somo bila kumwangalia mtu. Sato mpe nyungunyungu au kidonge cha ugali. Kambale ukimletea utumbo wa kuku hakatai, anafuata harufu. Sangara mkubwa hataki vitu vilivyolala, anataka kinachohangaika, yaani furu aliye hai au mtoto wa kambale. "Samaki ni kama mgeni," akamaliza. "Muulize anakula nini kabla hujapika."

Kisha akakitazama kiboksi. "Na haya ndiyo manyoya ya kuku? Samaki gani mjinga atakula manyoya ya kuku?"

Mwenzangu hakujibu. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini mpaka magotini, kama anavyofanya Gura.

"Toka! Toka majini, wewe!" Baba alisimama na kupiga kelele mpaka ndege wakaruka. "Utakufa na kichocho! Na mamba je, umewauliza?"

Kijana alitoka mbio. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho wanaishi hapa kwenye maji ya pembeni, na vimelea vinaingia kupitia ngozi ukiwa umesimama tu. Kwenye mito yao ya baridi juu mlimani tatizo hilo hakuna, kwa hiyo kuingia majini ni kawaida. Baba alimpa kanga yangu ajifute miguu, akamsimamia mpaka ilipokauka kabisa, akamwambia akapime hospitali baada ya wiki kadhaa. Nilisimama pembeni nikifikiri: miezi mitatu nimesubiri baba amwambie huyu mtu neno moja la kutoka moyoni, kumbe lilikuwa "utakufa na kichocho".

Maswali matatu

Baada ya hapo mwenzangu alikaa juu ya mwamba. Hakurusha kitu. Alitumia fimbo kugeuza jiwe moja lililokuwa ukingoni, akachungulia. Akatazama maji. Akatazama mbali ziwani, ambako kulikuwa na kitu kama moshi mrefu unapanda angani bila moto.

Wenyeji wa ziwa mnaujua moshi huo. Ni wadudu wadogo kama mbu, mamilioni, lakini hawaumi. Mabuu yao huishi ndani ya ziwa, mengine kwenye tope la chini, kisha hupanda juu kwa pamoja na kuruka.

"Mzee," akauliza kwa Kiswahili chake cha Nyeri, "hawa wadudu wanatokanga lini?"

Baba ndio kwanza akamtazama usoni. "Mwezi ukishaandama, siku chache mbele. Wale weusi ndio hivyo. Mbalamwezi huwaoni wengi." Akaendelea mwenyewe bila kuulizwa, dagaa wanavyovuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Mwenzangu alisikiliza kama yuko darasani. Nikaona baba anasogea kwenye mwamba wake, taratibu, kama mtu anayetafuta kivuli.

Ndipo mwenzangu akatueleza jinsi ya kuchagua nzi. Nimeandika kama alivyosema, maana ni vitu vya kueleweka.

Swali la kwanza ni samaki anakula wapi: juu, katikati au chini? Ukiona midomo inagusa maji na miduara inatokea, unatumia nzi wa kuelea, mwenye manyoya magumu yanayomshikilia juu. Usipoona kitu, usidhani samaki hayupo. Trauti hupata sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, kwa hiyo unafunga nzi wa kuzama anayefanana na buu.

Swali la pili, mdudu wa hapo ana ukubwa gani? Hili linashinda rangi. Samaki akimfuata nzi wako kisha akageuka, mara nyingi umempa mkubwa mno, shuka chini. Na namba za ndoano ndogo zinakwenda kinyume: namba 16 ni ndogo kuliko namba 10.

Swali la tatu ni hali ya maji na mwanga. Maji yakichafuka baada ya mvua, weka nzi mkubwa na mweusi ili kivuli chake kionekane. Maji yakiwa meupe na tulivu, weka mdogo asiye na mbwembwe. Jioni, mwenye mabawa meupe kama Coachman anasaidia, lakini zaidi anamsaidia mvuvi amwone nzi wake alipo.

"Rangi na urembo ni mwisho," akasema. "Nzi wengi wazuri wametengenezwa kumnasa mnunuzi dukani, si samaki."

Nikaikumbuka ile saa ya mkononi kabatini. Nadhani na yeye aliikumbuka, maana aliinamisha kichwa.

Sentimeta 47

Chini ya lile jiwe alikuta vijibuu vyembamba, vingine vyekundu. Akaacha wazuri wote, akachagua nzi mmoja mdogo kabisa, namba 16, uzi mwekundu tu na nyoya jeusi kichwani. Hata mimi nilimwonea huruma yule nzi. Nzi hana uzito, kwa hiyo kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene. Unaurudisha nyuma kwanza, unanyooka, ndipo unausukuma mbele. Mara ya kwanza ulinasa kichaka nyuma yetu. Baba alikohoa. Ule ulikuwa ni mkohozi wa kuficha kicheko, namjua.

Mara ya nne mshipi ukakaza. Akatoka furu, mdogo kama kidole cha kati, ubavu unang'aa. Baba akamchukua mkononi na kukaa naye kimya.

Wasomaji wa bara mbali na ziwa, niwaambie: furu walikuwa ndio samaki wa hapa. Kulikuwa na aina mamia. Sangara aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akapandwa ziwani, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi na aina nyingi za furu zikapotea. Baadhi zimerudi baadaye, sangara walipopungua kwa kuvuliwa sana. Baba alikula furu utotoni, halafu akalea watoto kwa mshahara wa sangara. Huo ndio ukweli wa nyumba nyingi za Mwanza, na sisi tukiwamo.

"Tulidhani wameisha," akasema.

Kijana alitoa wengine watano kwa nzi yule yule. Baba akawaweka kwenye ndoo yenye maji. Akamtazama. "Kwa hiyo wewe unapata chambo bila kokoro." Kokoro ni ule wavu wa kukokota pembeni, umepigwa marufuku kwa sababu unazoa kila kitu, mpaka watoto wa samaki na mazalia yao. Chambo nyingi za sangara hutafutwa kwa njia hiyo. Baba analichukia kokoro kuliko anavyochukia siasa.

Akachagua furu mmoja, akamtunga kwenye ndoano yake kubwa, akatupa mbali. Tukasubiri, saa nzima na zaidi. Sangara alipokamata, Baba alimpa mwenzangu mshipi. "Vuta wewe. Mimi presha." Walivuta wote wawili, mmoja anavuta na mwingine anafundisha, mpaka samaki akalala kando ya mwamba, anahema.

Baba ana kijiti chenye alama mbili, sentimeta 25 ya sato na sentimeta 50 ya sangara. Chini ya hapo sheria haikuruhusu. Akampima. Alikosa vidole viwili, 47.

Hakuna mtu pale. BMU wako mbali. Kilo moja na zaidi ya nyama nzuri. Baba akamgeukia mchumba wangu na kuuliza taratibu, "Sasa tufanyeje, baba?"

Mimi moyo ulinidunda. Nilijua huo ni mtihani, na ukimwambia mtu anafanyiwa mtihani umeshauharibu. Mwenzangu hakunitazama hata mimi. Alilowesha mikono yake kwanza, ili asimtoe samaki utelezi wake, akainama juu ya mwamba, akachomoa ndoano samaki akiwa majini, akamshika mpaka mkia ukaanza kupiga. Akaachia.

"Kwetu mjomba alikuwa ananichapa nikirudi na mdogo," alisema.

Baba hakusema kitu. Alikunja mshipi wake. Pale mwaloni tulinunua sato wawili, tukarudi Nyakato.

Mama alikuwa jikoni na ugali wa muhogo uko motoni. "Haya, wavuvi, mmepata nini?"

"Sangara tulimpata," Baba akajibu akivua viatu mlangoni. "Mkweo kamrudisha."

Mama aliacha kusonga. Mkweo! Neno lile halikuwahi kutamkwa nyumba ile. Mwenzangu alikuwa nje ananawa, hakulisikia, nikamkimbilia kwenda kumwambia.

Na wewe ukitaka kujaribu

- Kaa dakika 15 bila kurusha. Geuza jiwe, tazama maji, uliza mwenyeji.
- Kabla hujabadilisha nzi, badilisha kina. Huenda nzi ni sahihi ila anapita juu ya kichwa cha samaki.
- Ukubwa kwanza, umbo pili, rangi mwisho.
- Ziwani simama mwambani au kwenye mtumbwi, usisimame majini. Ukiwa umeshaingia, nenda kapime kichocho, dawa ipo.
- Pita ofisi ya BMU, na beba kijiti cha kupimia.
- Ukienda ukweni Tanzania, anza na shikamoo. Zawadi baadaye.

Barua ya posa imepokelewa. Wazee wa Nyeri wanakuja mwezi wa 8, na suala la ng'ombe wangapi nimeambiwa halinihusu. Baba ameomba kitu kimoja tu kutoka kwenye kile kiboksi. Siyo Coachman. Alichukua yule mdogo mwenye uzi mwekundu, amemchomeka kwenye kofia yake ya Jumamosi. Akiulizwa pale Igombe anasema ni wa mkwe wake.

Tukutane mwezi ujao, mpenzi msomaji. Na huyo mkwe wako mgumu, umeshamuuliza anapenda nini?